Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Busia, wa Malaba, na ninyi mliodamka alfajiri kutoka Tororo na Mbale. Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, na katibu anayo orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo hayo nawaachia wao. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe, kazi yetu sisi wahojaji na washauri nasaha wa tafiti za afya.

Mwaka ulianza kwa pigo, na sitazunguka mbuyu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tafiti nyingi za afya barani Afrika zikakwama katikati. Mradi mmoja uliokuwa umewaajiri baadhi yetu ulifungwa ndani ya siku chache. Wahojaji waliambiwa warudishe vishikwambi. Washiriki waliokuwa na miadi ya kliniki wiki iliyofuata hawakupata taarifa kutoka kwa mtu yeyote isipokuwa kwenu, kwa simu zenu na salio lenu. Hakuna aliyewatuma. Mtu aliyekueleza mambo ya chumbani mwake hastahili kufika akakuta kufuli mlangoni, na mlilijua hilo bila kuambiwa. Ahsanteni sana.

Lakini lipo jambo lazima niliseme hapo hapo. Namba zile za washiriki hazikupaswa kuwa katika simu zetu binafsi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatuhusu hata sisi, na simu ya mhojaji inaweza kuokotwa na yeyote stendi. Kila mmoja alikuwa amehifadhi namba kwa nia njema, ili asimpoteze mshiriki wake. Tumekubaliana zifutwe, na kuanzia sasa, kabla hatujasaini mkataba wa mradi wowote, tutauliza: mradi huu ukifungwa ghafla, nani atawajulisha washiriki, na kwa njia gani?

Vishikwambi vilipoondoka nilikaa nikajiuliza ni nini kilichobaki hapa. Vyeti vya maadili ya utafiti vilibaki. Nidhamu ya kutunza siri ilibaki, na wepesi wa kujaza hojaji mbele ya mtu mwenye aibu bila kumwongezea aibu. Data tuliyoikusanya hatunayo, na hata tungepewa, wengi wetu tusingejua tuanzie wapi. Ndiyo maana kamati iliamua nguvu za mwaka huu ziende huko: kujifunza zile hatua za utafiti ambazo hufanyika sisi tukiwa tumeshalipwa na kwenda zetu.

Wako wanaosema tafiti za kimataifa huja kuchukua tu. Siwezi kusema hivyo, maana nchi hii imejifunza mengi kupitia tafiti hizo. Makala ya mwaka 1985 iliyoutangazia ulimwengu ugonjwa tuliouita "Slim" kule Rakai, yaani UKIMWI, iliandikwa na madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa Uingereza, na jina la kwanza juu ya makala lilikuwa la David Serwadda, daktari kijana wakati huo. Yeye na Nelson Sewankambo wakawa miongoni mwa waasisi wa mradi wa Rakai wakishirikiana na watafiti wa Marekani, na mradi huo ndio uliofanya jaribio la tohara kwa wanaume karibu 5,000. Lilisimamishwa mapema, Desemba 2006, kwa sababu ilikwisha kuonekana kwamba tohara inapunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume kwa nusu hivi. Na jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc, lililofanyika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, liliongozwa na Waafrika wenyewe. Chanjo zile hazikufaulu, zikasimamishwa mwisho wa 2023, na watafiti wakatangaza hivyo waziwazi. Kwangu mimi huo nao ni ujuzi, kuweza kusema "haikufanya kazi" kwa ushahidi wako mwenyewe.

Basi ngazi ipo, ila daktari ndiye anayeipanda. Nafasi nyingi za masomo ya utafiti huanzia kwenye shahada ya uzamili. Mhojaji mwenye diploma na miaka kumi na tano ya kuzungumza na madereva wa malori hana ngazi ya kukanyaga. Hapo ndipo chama chetu kinapaswa kusimama.

Tulianza masomo ya Jumamosi. Kuna siku zilizopooza, kwa mfano zile tatu za kusafisha data kwenye kompyuta mbili zinazozima ovyo, na sitazieleza zaidi. Lakini jioni tuliyosoma matokeo ya PURPOSE 1, jaribio la dawa za kujikinga na VVU, sitaisahau. Utafiti huo ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 16 hadi 25, zaidi ya 5,300. Waliochomwa sindano ya lenacapavir kila baada ya miezi sita walikuwa 2,134, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Waliopewa vidonge vya Truvada vya kila siku walikuwa 1,068, wakaambukizwa 16. Wa Descovy 2,136, wakaambukizwa 39. Tuliipigia makofi ile sifuri. Kisha mwanachama mmoja aliyekaa nyuma kimya akauliza, "Kundi la plasebo liko wapi?"

Halikuwepo kundi hilo, la wanaopewa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Tulitumia saa nzima kuelewa sababu. Jaribio la Partners PrEP, lililohusisha jozi 4,758 za wenzi wa Kenya na Uganda, hapa Tororo pia, lilikwisha kuonyesha kwamba vidonge vinazuia maambukizi, na Julai 2011 kundi la plasebo likasimamishwa. Baada ya hapo, kumpa binti kidonge kisicho na dawa na kumwacha na hatari, hali kinga inajulikana, ni kumkosea. Kwa hiyo safari hii watafiti walikadiria maambukizi mapya miongoni mwa wote waliokuja kupimwa ili waandikishwe, wakalinganisha na hapo.

Swali la pili lilifuata lenyewe: je, vidonge vilishindwa? Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakuwa wakivimeza kila siku. Hapo ukumbi ukaamka. Dada mmoja, mshauri nasaha wa miaka mingi, alitoa kopo la vidonge mkobani akalitikisa. Chaka, chaka, chaka. "Sauti hii," akasema, "msichana akiwa ndani ya matatu, kila mtu anageuka." Akafungua kifuniko akatuonyesha pamba aliyoishindilia juu ya vidonge ili visilie. Akasema wasichana hufundishana hivyo wao kwa wao, na mpenzi akiliona kopo huuliza tangu lini unatumia dawa za UKIMWI.

Nilimuuliza kama amewahi kuyaandika hayo katika ripoti yoyote. Akajibu kwamba hojaji ilikuwa na nafasi ya "ndiyo" na "hapana" tu. Miaka yote hiyo alikuwa na jibu, na hakuna aliyeandika swali linaloendana nalo. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka libadilike kuliko jingine lolote.

Kazi nyingine tuliyoifanya ni ya maneno. Fomu za ridhaa hutufikia kwa Kiingereza, na Kiswahili chake mara nyingi kimetengenezwa mbali. Nakumbuka nikiwa mhojaji chipukizi, usiku, kando ya lori, nilimsomea dereva kwamba huenda akapewa "dawa bandia". Alisimama. "Yaani mnatupa dawa feki na mmeiandika kabisa?" Alikuwa na haki. Bandia ndiyo ile inayokamatwa na polisi dukani. Ilibidi nianze upya: makopo mawili yanafanana, moja lina dawa, jingine lina vidonge visivyo na dawa ndani, unapangiwa kwa kura, wala mimi sijui lako ni lipi. Akakaa, akauliza maswali manne mazuri, kisha akakataa kushiriki. Alikataa akiwa ameelewa, na hiyo kwangu ilikuwa ridhaa iliyofanya kazi yake. Sasa tunayo orodha yetu ya maneno ya utafiti, iliyojaribiwa kwa watu wa Mombasa na kwa ndugu zetu Wakongo, ambao Kiswahili chao kina njia zake. "Kidonge kisicho na dawa" kimo, "bandia" imetoka. Na tunasema "mshiriki", kama Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, lilivyosahihishwa Oktoba 2024 linavyomtaja.

Kuhusu majina yetu kwenye makala, malalamiko nimeyasikia na nayaonea uchungu. Makala hutoka, na sisi tumo mwishoni katika shukrani: "tunawashukuru wahojaji wetu". Lakini kanuni ambazo majarida makubwa ya tiba hufuata zinataka mwandishi awe amechangia kwa kina, awe ameandika au kuhariri makala, ameiidhinisha, na yuko tayari kuijibia. Kukusanya data peke yake hakutoshi. Kwa hiyo tusingoje makala itoke ndipo tulalamike. Tudai nafasi mwanzoni, kwa maandishi: mhojaji anayetaka kushiriki uchambuzi afundishwe, apewe muda wa kazi hiyo, na muda huo uwemo kwenye bajeti. Kiongozi mmoja wa mradi amekwisha kukubali. Mwingine hajajibu barua yetu, nasi tutaandika tena.

Na sasa utafiti wetu wenyewe. Swali lilitoka kwenu: dereva anayetumia PrEP, yaani vidonge vya kujikinga na VVU, akikwama mpakani au akivuka nchi, vidonge vikimwishia, hupata wapi vingine? Tuliandika pendekezo, likapelekwa kwenye kamati ya maadili. Likipitishwa, bado tutahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ada ilituuma, mweka hazina atawaeleza. Kamati imelirudisha likiwa na kurasa tatu za maswali, na baadhi yenu mlivunjika moyo. Mimi nilizisoma mara mbili na nasema ni maswali mazuri. La kwanza linauliza: mtamhoji vipi dereva ndani ya lori wakati utingo wake amekaa pembeni anasikiliza? Sisi, tuliozaliwa na lori hizi, hatukuliandika hilo.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tutakaa kujibu kurasa zote tatu, tukianza na la utingo. Kila mmoja aje na jibu lake limeandikwa. Wa Malaba, mbebe ile kompyuta isiyozima.