Nyumba ya kibarua ikingwe na mnada

Mhariri,

Hapa Uganda, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inamzuia dalali wa mahakama kuchukua zana za fundi aliyeshindwa kulipa deni, sufuria na matandiko ya familia yake. Mwiko na timazi vya mwashi viko salama, lakini nyumba inaweza kupigwa mnada. Hilo godoro lililosalimika litatandikwa wapi?

Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya ardhi ya familia kuwekwa rehani. Ni kinga nzuri, ila mjane anayebeba matofali hana wa kumzuia anapobanwa na ada za shule.

Wabunge wetu, pigeni marufuku kuuza nyumba anayoishi kibarua kwa deni dogo. Alipe kwa awamu, mbele ya hakimu.

Msomaji, Arua