Mvua ikianza usiku bwenini navaa viatu, nifanye nini?

Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 17, niko fomu tatu kwa shule ya bodi hapa Nairobi, sisi ndio wale wa mwisho wa mfumo wa masomo wa 8-4-4. Naandika na simu ya mamangu akiwa ameenda soko so nisamehe nikirukaruka.

2024 nikiwa fomu wani tulikuwa tunaishi Mathare, karibu na mto kabisa, na shule zilikuwa zimefungwa. Ile Aprili ya mafuriko mto ulijaa usiku watu wakiwa wamelala, maji yakaingia, mlango ukakataa kufunguka juu maji yalikuwa yanausukuma kutoka nje, jirani ndiye alivunja mabati ya nyuma tukatoka bila viatu mimi na mamangu. Beshte yangu alikuwa anaishi ploti inayofuata. Tumesoma pamoja toka darasa la nne, yeye ndiye alikuwa ananisuka kila tukifungua shule. Hakutoka. Hapo siwezi andika zaidi shangazi.

Baadaye serikali ikaleta tingatinga, ati nyumba zote zilizo mita 30 kutoka mtoni zibomolewe, so hata saa hizi nikipita huko siwezi kukuonyesha kwetu kulikuwa wapi. Shule zilikuwa zimeahirishwa zikafunguliwa 13 Mei, nikarudi na sare ya kuazima na kitu pekee niliulizwa ni fizi ya shule.

Sasa bweni letu halina silingi, ni mabati tu, mvua ikinyesha hata mtu wa kitanda cha kando humskii. Ikianza tu mimi huamka, navaa viatu na soksi na kufunga kamba, nakaa juu ya dabodeka nikiangalia mlango mpaka iishe. Sipigi kelele, sisumbui mtu. Lakini wasichana waliona wakaniita Safari, ati "Safari, leo unaenda wapi?", na matroni akanipea adhabu ya kudeki ukumbi juu ya kulala na viatu. Asubuhi nasinzia darasani, hesabu nilikuwa napata B saa hii ni D. Brek nakaa nyuma ya maktaba pekee yangu. Na si ati wote ni wabaya, kuna mmoja hunibakishia mkate na hujaribu kuongea na mimi, lakini akinikaribia naskia kama namsaliti yule mwingine, so namjibu vibaya hadi anaenda.

Utaniambia niende kwa mwalimu wa gaidansi. Huyo ndiye depyuti, yule wa kuchapa, na kuna msichana alimwambia mambo ya babake tukayaskia parade kama mfano, bila jina lakini nani hakujua? Nimeskia pia kuna 116 ya watoto, ni ya bure na inashikwa hata usiku, lakini shule hatuna simu, ya kupiga nyumbani iko kwa ofisi ya huyo huyo matroni na anasimama hapo ukiongea.

Mamangu naye hataki hiyo stori kabisa. Nikianza anasema tushukuru Mungu tuko hai, halafu anawasha redio. Lakini tulihamia Huruma na akakataa chumba cha chini chenye kilikuwa bei nafuu, akachukua orofa ya nne na maji tunabeba na mtungi kwa ngazi, na goti lake ni bovu! So najua na yeye hajasahau, ni kuongea tu hataki.

Ninachotaka ni kuhama niende shule ya kutwa nikuwe nalala nyumbani. Hata fizi itakuwa chini. Lakini alichukua mkopo wa chama kunipeleka hiyo bodi na anajivunia sana kwa majirani, nikimwambia nataka kutoka atadhani nimefukuzwa ama niko na mimba. Nitaanzaje kumwambia bila yeye kuwasha redio? Na nikipiga 116 nikiwa hapa nyumbani, watamwambia? Ama niwaambie wao ndio waongee na yeye?

Tunafungua karibu na mvua bado iko. Tafadhali usinipigie kwa hii namba shangazi, nitatafuta jibu lako mwenyewe nikipata simu.

Safari, Huruma