Bahati, juu ya ile barua yako ya Kingereza

Bahati ndugu yangu,

Jambo sana toka huku Bukavu. Ile barua ya kuomba kazi uliyonituma nimeisoma mara mbili, na ukweli maneno uko nayo mingi kuliko mimi. Shida iko kwa mpangilio, na kwa zile alama ndogondogo.

Uliandika "The report I finished it yesterday". Najua fasi ilitokea: kichwani ulisema "ripoti niliimaliza jana", na kwa Kiswahili iko sawa kabisa, juu ile ni- na ile -i- ndani ya kitendo zimeshasema nani alimaliza na nini ilimalizwa. Angalia: mtoto amekisoma kitabu, kitabu mtoto amekisoma, amekisoma mtoto kitabu, geuza vile unataka, hakuna mtu atafikiri kitabu njo kimesoma mtoto. Kingereza haina hiyo -ki-. Kwao mwenye kukaa mbele ya kitendo njo anafanya, mwenye kukaa nyuma njo anafanyiwa, kwa hiyo "the child reads the book" ukibadilisha fasi za hayo majina mawili, kitabu kinaanza kusoma mtoto! Kazi ambayo kwetu inafanywa na vipande vya kitendo, kwao inafanywa na fasi neno limekaa. Mimi ilinichukua miaka kuona hivyo, shuleni walikuwa wanatuandikisha kanuni tu bila kutuambia sababu, na siku niliielewa woga ukaisha. Basi andika "I finished the report yesterday", unamaliza.

Njo maana pia huwezi kusema "Is raining". Sisi tunasemaka "inanyesha" na ile i- imeshaingia, wao lazima waiweke nje, "It is raining".

Kwa sifa sasa, hapo utafurahi. Sema "ndoo tatu kubwa mpya nyekundu". Toa ndoo mbele, iweke mwisho: "three big new red buckets". Hayo mengine hayakusogea! Ila sisi tunaweza kuyachanganya, wao hapana, ukubwa unatangulia umri, umri unatangulia rangi, ukisema "red new big" watakuelewa lakini masikio yatawauma.

"I speak well English" hiyo haikutoka kwa Kiswahili, hiyo ni Kifaransa chetu cha masomo. Mwingereza hapendi kitu kiingie katikati ya kitendo na kile kinachotendwa. "I speak English well".

Na Kifaransa njo kinatuharibia alama pia. Umeacha nafasi mbele ya kila alama ya kuuliza na mbele ya nukta mbili, vile tulifundishwa, Kingereza hawaachake, alama inashikana na neno. Siku na miezi wanaanza na herufi kubwa, Monday, March, na ile "I" ya mimi kubwa siku zote, hata katikati ya fraze.

Lakini hesabu, tafadhali, hesabu uangalie sana. Kwetu virgili inatenga sehemu ya chini, 2,5 ni mbili na nusu, na elfu moja mia tano tunaandikaka 1.500. Kwao ni kinyume, nukta njo ya sehemu, virgili njo ya maelfu. Mwaka fulani niliandika bei ya mbao kwa ofisi moja ya wageni, 1.500 dola, nao wakasoma dola moja na nusu, wakafikiri nafanya mchezo, kazi ikapewa mwingine. Iliniuma sana, nilikuwa nimeshaahidi vijana wawili wa kunisaidia. Wewe kwa barua yako umeweka mshahara wa zamani na nukta, weka virgili, 1,200.

Kitu cha mwisho ni ile virgili unaunganisha nayo fraze mbili nzima. Sisi tunaandikaka hivyo, hata hapa nimefanya, na msomaji anafuata bila shida. Kwa Kingereza wanahesabu ni kosa: weka nukta uanze upya, ao ongeza "and" ao "because". Aya yako ya pili ina virgili saba na nukta moja, ikate fasi nne.

Nitumie tena kabla ya Ijumaa, nitaisoma jioni umeme ukiwepo. Hiyo kazi naitaka kwako kama vile ni yangu.

Salimia mama na watoto.

Ndugu yako,
Amani