Wazee wa mikokoteni nao watibiwe

Mhariri,

Mimi ni mama lishe Kariakoo. Jioni tukifunga, wenzangu nami tunakusanya wali na maharage yaliyobaki, tunawapelekea wazee wanaolala kwenye baraza za maduka. Wengi ni makuli wa zamani: wamesukuma mikokoteni hadi magoti yakagoma, sasa mizigo wanapewa vijana. Mmoja bado anatembea na ngata yake mfukoni, asije akapitwa na tenda.

Chakula si tatizo kubwa, hata wenye genge hutuongezea mchicha. Kinachotushinda ni matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Sawa, lakini ili atambuliwe anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Anayelala juu ya boksi ni mkazi wa mtaa gani? Juzi tulimsindikiza mzee mwenye kidonda mguuni, tukarudishwa mlangoni.

Zanzibar wenye miaka 70 wanapata pensheni jamii tangu 2016. Sisi bara tunangoja nini? Kwa kuanzia, maofisa ustawi wa jamii waje barazani saa 3 usiku, wawaandikishe palepale. Chai tutawachemshia.

Mama lishe,
Kariakoo, Dar es Salaam