Hizo kuni bado mbichi

St. Cloud, Minnesota
Januari 18

Ndugu yangu Baba Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imetukalia kooni. Mama Rehema anasema ile sufuria kubwa kaeni nayo mpaka masika, hana haraka nayo.

Sefu amenirushia zile picha za jiko lako jipya la kuni. Nimeziangalia mara tatu, na mara zote tatu moyo haukutulia. Ningepiga simu, lakini mambo ni mengi na ya simu husahaulika. Barua utaiweka mezani, shemeji ataisoma, na Salma naye ameshakua, asome.

Kioo cha jiko ni cheusi tii. Ukuni wa mbele unatoa povu kwenye ncha. Na pale bomba linapoungana na bomba, juu ya jiko, kuna mchirizi wa kahawia kama asali iliyoungua. Hizo kuni ni mbichi. Najua aliyekuuzia alikwambia zimekaa mwaka mzima, na pengine naye aliamini hivyo. Lakini gogo likikatwa likaachwa zima halikauki, gome linafungia maji ndani. Bachi, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ndio mbaya kuliko yote: gome lake halipitishi maji, kwa hiyo gogo linaozea ndani huku nje unaliona zima. Ukuni unaanza kukauka siku unapochanjwa, si siku mti ulipoanguka. Bachi iliyochanjwa mwezi wa nne na kupangwa penye upepo inafaa baridi inayofuata. Mwaloni unataka miaka 2, usimsikilize anayekwambia miezi 6.

Usinisadiki mimi, pima. Madukani kuna kipima unyevu kidogo chenye pini mbili. Usichomeke pini kwenye ncha za ukuni, hapo pamekauka siku zote na patakudanganya. Uchanje ukuni katikati, pima ule upande uliofunguka sasa hivi. Na usipime ukuni uliotoka kwenye theluji, kwa sababu maji yakiganda kipimo kinasoma chini ya ukweli. Uingize ndani ulale usiku mmoja, ndipo uuchanje na kuupima. Chini ya asilimia 20, washa. Ikisoma 30 au zaidi, hizo ni za mwakani.

Kwa nini nalikazania hili? Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unaanza kwa kuchemsha maji hayo kabla haujakupa joto wewe, na ukishapoa namna hiyo hauwezi kuunguza moshi wake. Moshi unapanda na mvuke, unakutana na kuta baridi za dohani, unaganda humo. Ule mchirizi wa kahawia ndio huo. Mwanzo ni masizi makavu yanayosuguliwa kwa brashi, baadaye unakuwa lami inayong'aa na brashi haiitoi. Lami hiyo inawaka. Siku utakapotia mabanzi makavu jiko likapata moto mkali, dohani nzima inaweza kushika, na joto mle ndani linapita nyuzi 1,000. Utasikia mngurumo kama wa treni inayopita juu ya paa. Ukiusikia, funga kilango cha hewa, toa watu wote nje, piga 911. Usimwage maji dohani, inapasuka. Watu watakwambia msonobari ndio unaochafua dohani. Si kweli, kinachochafua ni maji. Msonobari mkavu ni bora kuliko mwaloni mbichi.

Basi mwite fundi wa kusafisha dohani wiki hii, hata kama mwenye nyumba wa zamani aliapa kwamba ilisafishwa. Utando ukifika milimita 3 unatosha kuwa hatari. Wakati unamsubiri usiwashe jiko hilo, tumieni hita ya gesi ya nyumba. Akishamaliza, choma yale magogo ya unga wa mbao ulioshindiliwa, yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, au kuni zilizokaushwa kwa tanuru. Mabaki ya mbao yanafaa pia, ila isiwe mbao yenye rangi wala iliyotiwa dawa. Weka magogo mazito chini, juu yake membamba, juu kabisa mabanzi, kisha uwashe kutoka juu. Sisi tumezoea kuwashia chini, najua, lakini ukiwasha juu moshi unapita kwenye moto na kuungua. Usibane hewa usiku kucha ili kuni zikae mpaka asubuhi. Moto unaovukiza polepole ndio unaojenga ile lami.

Sasa picha ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu usiku. Pale pembeni ya kabati nimeliona lile jiko la makaa mlilotoka nalo nyumbani. Baba Salma, lisiwashwe ndani. Si jikoni dirisha likiwa wazi kidogo, si gereji, si hata dakika kumi za kuchoma mahindi. Najua kule Njombe tuliota makaa na tukaamka salama, lakini nyumba zile zilipumua kwenye kila bati na kila mlango. Nyumba ya huku imezibwa isipitishe hata uzi wa hewa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, haina moshi, na makaa yaliyoiva vizuri yakang'aa bado yanaitoa. Kinaanza kichwa kuuma, halafu usingizi mzito, na aliyelala haamki. Kengele ya hewa hiyo iwekwe karibu na vyumba vya kulala, na uibonyeze leo usikie kama inalia. Majivu ya jiko la kuni nayo yaende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje mbali na ukuta. Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kuishi siku kadhaa.

Sefu anasema unataka kuangusha ule mti mkavu wa karibu na gereji ili upate kuni za sasa. Nimeuangalia kwenye picha. Gome limechunwa mabaka meupe sehemu za juu, hiyo ni kazi ya kigong'ota anayetafuta funza. Nenda karibu, tazama shina. Ukiona vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D, upana kama milimita 3 au 4, basi yaelekea ni mti wa eshi uliouawa na yule mdudu wa kijani aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na hapa Minnesota mwaka 2009. Kuni za eshi ni nzuri sana, hata ikikatwa mbichi ina maji machache kuliko mingi. Lakini eshi iliyokufa kwa mdudu huyo inakuwa kama kigae, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiangusha mti unakata mdomo upande unaotaka uangukie, kisha unakata nyuma, ukiacha kipande cha katikati kama bawaba. Kwenye mti mzima bawaba inapinda taratibu na kuuongoza. Kwenye eshi iliyokufa, tena iliyoganda, bawaba inakatika ghafla na mti unajichagulia pa kwenda. Matawi ya juu yanavunjika kwa mtikiso wa msumeno tu, yanakushukia wakati macho yako yako chini. Hata mafundi wenyewe hawapendi kuipanda miti hiyo, wanaishusha kwa gari la mkono mrefu. Lipa mtu. Mwambie akuachie magogo ya urefu wa inchi 16, hapo bei nayo inapungua. Na magogo hayo yasitoke hapo nyumbani, usimpelekee Sefu wala mtu yeyote wa wilaya nyingine, maana mdudu husafiri ndani ya kuni.

Kuchanja sasa, hapo sikuzuii, tena wakati huu ndio wake. Maji yaliyomo yakiganda, ukuni unapasuka safi kuliko wakati wa joto. Tumia shoka zito la kichwa kinene, kilo 3 hivi, na gogo la kuchanjia liwe chini kidogo ya goti. Juu yake weka tairi kuukuu, tia gogo ndani ya tairi, vipande havitaruka wala hutainama kila dakika. Fuata nyufa zilizopo, kwepa mafundo, gogo nene limege kutoka kingoni. Kunja magoti shoka linapotua, ili likikosa lipige gogo la chini na siyo mguu. Baridi ikiwa kali sana chuma kinakuwa chepesi kumeguka, kwa hiyo shoka lilale ndani, siyo kwenye theluji. Vaa miwani, na usipige kisogo cha shoka kwa nyundo hata siku moja.

Nguo unazijua, ila moja tu: isiwe pamba mwilini. Pamba ikishika jasho haikauki, na jasho ndilo linaloua joto. Sufu ndani, na fungua zipu kabla hujalowa. Nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inahisi kama 33 chini ya sifuri, na kwa baridi ya hivyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwenye ngozi yetu tafuta rangi ya kijivu na ugumu kama nta, tena ganzi pale palipokuwa panauma. Usisugue, wala usipake theluji kama wanavyosema wazee wa huku. Ingia ndani, weka kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na ganzi isipotoka nenda hospitali. Mtu akianza kuongea kama amelewa na kuangusha vitu, kazi imekwisha, hata kama bado magogo mawili.

Kuni za mwakani agiza mwezi wa nne. Kipimo kamili cha rundo la kuni linalouzwa ni futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128, na pikapu moja iliyosawazishwa kwenye ukingo ni kama nusu yake. Panga juu ya paleti, funika juu tu, pembeni pabaki wazi upepo upite. Hizo mbichi ulizonazo zichanje sasa uzipange hivyohivyo, hazijapotea.

Sasa nijibu. Kengele imelia ulipoibonyeza? Dohani ni ya matofali au ya chuma? Mti uko hatua ngapi kutoka gereji, na nyaya za umeme zinapita upande gani? Vile vitundu umeviona? Kuni zilizobaki ni kiasi gani, na umezipanga wapi, ukutani au penye upepo? Shemeji alishapata viatu vya theluji au bado anavaa vile vya Sefu? Na mzee Kibwana ana hali gani, bado anakohoa?

Nitumie picha ya kipimo ukishachanja ukuni wa kwanza. Jumamosi nina nafasi, fundi akija siku hiyo nitapanda huko asubuhi na brashi na yale magogo ya unga wa mbao.

Ndugu yako,
Mussa