Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Chupa za "Kulinda Figo"

Ndugu wanachama mliopandikizwa figo, ndugu zetu mliozitoa, na ninyi mnaotuuguza nyumbani, habari za tangu mkutano mkuu uliopita.

Ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vya robo mwaka vilifanyika vyote, ingawa kimoja kilisogezwa mbele kwa sababu ya mvua. Hesabu atawasomea mweka hazina. Ada inasuasua, na wadaiwa sugu wanajijua. Wenzetu waliotutoka tuliwazika na familia zao tukazijulia hali, Mungu awarehemu.

Nitakaa kwenye jambo moja, maana ndilo lililonipigisha simu nyingi kuliko yote: antioksidanti, yaani vitu vya kuzima kemikali kali zinazounguza chembe za mwili. Kwenye kundi letu la WhatsApp haikupita wiki bila mtu kutuma picha ya chupa yenye maneno "inaondoa sumu, inalinda figo mpya". Na mimi simo nje. Mwezi wa tatu nilinunua yangu, ya kahawia, kifuniko cha rangi ya dhahabu, nikaiweka kabatini kando ya takrolimasi, dawa yetu ya kuzuia mwili usiikatae figo. Kibandiko kilitaja mimea kumi na mmoja bila kueleza kiasi cha hata mmoja. Muuguzi wa kliniki aliigeuzageuza, akaniuliza, "Mzee, hii unakunywa ya nini?" Nikabaki namwangalia.

Ndipo tukamwita daktari atufundishe. Kwa lugha yangu, nilichokishika ni hiki. Umeme ukikatika, nyama ndani ya friji huharibika taratibu. Lakini friji lenyewe huungua umeme unaporudi kwa kishindo. Kiungo kilichokatiwa damu nacho huumia hivyo hivyo, mara mbili. Kikikosa oksijeni, chembe hai zake hulimbikiza mabaki, mojawapo saksineti, jingine haipozanthini. Damu ikirudi, mabaki hayo huchomwa kwa pupa, zikazaliwa radikali huru, ndizo zile kemikali kali, zinazotafuna kuta za chembe. Moto huo huwaka dakika na saa za mwanzo. Mtu aliyepandikizwa miaka mitano iliyopita anauzima moto gani kwa chupa ya leo?

Tiba yenyewe wenzetu wanaihangaikia palepale moto unapowaka. Maji ya kuhifadhia viungo yaliyobuniwa na Belzer na Southard kule Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980, yana glutathioni na alopurinoli (dawa ya jongo) ndani yake kwa kazi hiyo ya kuuzima. Munich, Ujerumani, mwaka 1994, Land na wenzake walitangaza kwamba wagonjwa waliochomwa kimeng'enya cha SOD, kinachozima radikali huru, wakati wa upasuaji walipata mashambulizi machache ya kukataliwa kwa figo: asilimia 18.5, dhidi ya 33.3 kwa wasiochomwa. Hata hivyo haikuwa dawa ya kila siku hospitalini. Asetilisisteini, ileile wanayopewa waliozidisha parasetamoli, ilipewa watoaji wa ini nchini Italia, na matokeo ya 2013 yakaonyesha maini yakidumu zaidi. Ilipojaribiwa kwa watoaji wa figo waliofariki, haikusaidia.

Kinachonipa moyo mimi ni mashine zinazopitisha maji baridi yenye oksijeni ndani ya kiungo kabla hakijapandikizwa, mabaki yale yakatumika polepole. Katika utafiti wa maini ulioongozwa kutoka Groningen, Uholanzi, uliotolewa 2021, mirija ya nyongo iliyobana na kuleta dalili ilikuwa asilimia 6 kwa waliopata maini ya mashine, na 18 kwa waliopata maini ya barafu tu.

Kwetu, tangu Muhimbili ilipoanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata, figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Hailali kwenye barafu usiku kucha ikisubiri ndege. Kaka yangu alilala chumba cha pili, na muda figo yake ilipokaa bila damu ulikuwa mfupi. Hiyo ndiyo kinga niliyoipata, na haikuja na kifuniko cha dhahabu.

Sasa hatari. Vitamini C ya dozi kubwa inaweza kujaza figo fuwele za oksaleti. Balungi hupandisha takrolimasi kwenye damu. Alopurinoli, ile iliyo rafiki ndani ya maji ya Wisconsin, ukiimeza pamoja na azathioprini, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, bila daktari kujua, inaweza kuua uboho. Mchicha, maembe na machungwa ya sokoni endeleeni navyo, kwa kadiri kliniki ilivyokupangia, hasa wewe ambaye potasiamu yako iko juu.

Kamati imeamua matangazo ya chupa yasiwekwe tena kwenye kundi. Najua wapo watakaonuna, wakiwemo wawili wanaoziuza. Kikao kijacho mfamasia atakuwepo: kila mmoja aje na mfuko wa vyote anavyomeza, vya hospitali na vya kificho. Yangu ya kahawia nitakuja nayo, imebaki nusu.

Mwenyekiti