Kikao cha bajeti Jumanne, tusikose jamani

Wazazi wangu na ndugu zangu, poleni na kazi. Jumanne saa tatu asubuhi kuna kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti pale kwa chifu, naomba sana tujitokeze kwa wingi maana afya imegatuliwa tangu 2013, zahanati yetu iko mikononi mwa kaunti sio Nairobi, na tusipoongea sisi hizo pesa zitaenda kwengine. Wiki jana nimemsindikiza mama mjamzito usiku kwa bodaboda, kashika tumbo njia nzima na yale mashimo, kufika geti lina kufuli. Imeniuma mpaka leo. Basi tuombe nesi wa usiku na taa za sola, hayo mawili tu, na tuyaandike kwa karatasi tuwakabidhi, maneno ya mdomo husahaulika. Wahudumu wa afya ya jamii njooni na hesabu zenu za ziara za nyumbani, huo ndio ushahidi wetu.

Na ambaye hajajisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, apige *147#, ukishajisajili matibabu ya zahanati hulipii hata kama hujatoa ule mchango wa mwaka. Asiye na simu aje kwangu jioni nimsaidie.